UZI: Chemko limekatwa! Nani kamruhusu?

Mzee wa Chemko:
Wakuu, nimetoka kuisikiliza hiyo albamu mpya sasa hivi na mikono bado inatetemeka, mkiona herufi zimepishana nivumilieni. Jina simtaji, hakuna haja. Yule yule mwenye leso. Miaka yote yuko kwenye bendi, tunamfuata ukumbi kwa ukumbi, akiinua leso tu hata wahudumu wanasahau chenji za watu. Sasa katoka na albamu yake mwenyewe, ya kwanza, nusu nyimbo mpya alizotunga, nusu zilipendwa alizorudia. Anasema anatukumbusha tulikotoka. Sawa. Nani hapendi kukumbushwa?

Nikaruka moja kwa moja mpaka wimbo wa nne. Huo, enzi za marehemu baba, ukipigwa Redio Tanzania, RTD, nyumba nzima ilikuwa inanyamaza, hata jogoo. Ubeti wa kwanza jamaa kaimba mpaka nikafumba macho. Wa pili, hivyo hivyo. Kiitikio, sauti tatu zimelaliana kama zamani. Gita la solo likaanza kuchokonoa. Mnajua kinachofuata. Mtoto aliye tumboni anajua kinachofuata! Matarumbeta yanaingia, rizimu inageuka, tumba zinaamka, watu wanasukuma viti wacheze. Hilo ndilo chemko!

Badala yake jamaa kacheka kwenye maiki, akasema: "Aah, enzi zile jamani."

Halafu wimbo ukafifia. UKAISHA.

"Aah, enzi zile jamani"! Nimerudisha nyuma mara kumi na moja nikidhani simu imekufa. Nikaazima simu ya jirani. Enzi zile jamani. Nikachomeka kwenye spika ya shemeji. Enzi zile jamani!

Wazee walikuwa wanaingia studio ya RTD bendi nzima, mpiga tarumbeta akiteleza mnaanza upya wote, na chemko halikukatwa. Wewe una kompyuta inayosahihisha hata kikohozi, unakata! Beti ndizo zinatuambia shida, chemko ndilo linatutoa kwenye hizo shida. Ametuacha humo ndani na shida zetu, kafunga mlango, anacheka. Tena anacheka pale pale matarumbeta yanapotakiwa kuingia. Pale pale!

Besi Nzito:
Nakazia kwa msumari wa inchi sita. Mimi nilishasimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine hewani. Wimbo ukaisha nikabaki hivyo hivyo kama sanamu ya Askari. Mke wangu akauliza nimeshikwa na mgongo.

Kijana wa Leo:
Mleta mada kunywa maji ulale. Dakika tatu zinatosha. Nani siku hizi ana muda wa wimbo wa dakika nane?

Mzee wa Chemko:
@Kijana wa Leo muda wa kusema "aah, enzi zile jamani" kaupata wapi?

Kijana wa Leo:
Mzee umeandika hiyo sentensi mara nyingi kuliko yeye alivyoiimba 😂😂

Mwana Sikinde:
Wimbo wa nne mnauonea. Sikilizeni wa sita, matarumbeta ni ya kinanda. Mlio kama mbu kafungiwa kwenye chupa ya soda. Sisi tuliolelewa na Mlimani Park, Sikinde yenyewe, tangu 1978 masikio yetu hayapokei vitu hivyo.

Msondo Damu:
Nilijua tu mtajitokeza. 1978 ndiyo ya kujivunia? NUTA Jazz, ndiyo hii hii Msondo, ilikuwa jukwaani 1964. Nyie ni wajukuu, kaeni mkekani.

Mwana Sikinde:
Na Gurumo, mwimbaji wenu, aliwaacha mwaka huo huo wa 1978 akaja kwetu. Hebu lielezee hilo, babu.

Msondo Damu:
Mkashindwa kumtunza, 1985 akaenda zake bendi ya Safari Sound. Mwisho wa safari akalala wapi? Msondo. Nyumbani.

Besi Nzito:
Jamani chemko...

Dada wa Rumba:
Kwani hamkusikiliza wa saba? Ule aliotunga mwenyewe, wa mama anayengoja barua kila gari la posta likipita. Gita moja, besi kwa mbali, basi. Mimi nimelia nikiwa kwenye daladala, konda akanirudishia nauli. Mnashupalia wimbo mmoja mnaacha kazi nzima.

Mzee wa Chemko:
Dada yangu, wa saba nimeusikia. Ni mzuri, sikatai hata kidogo, na ndiyo maana naumia! Mtu anayejua kutunga kile kitu anajua kabisa alichofanya kwenye wa nne. Asiyejua ningemsamehe. Huyu anajua, halafu akacheka.

Mdau wa Veranda:
Afadhali yeye kaongea mwishoni. Yule mtangazaji wa zilipendwa usiku, mnamjua, anaongea juu ya gita la mwanzo, anaongea juu ya saksafoni, sauti ya mwimbaji ikianza ndiyo anapandisha yake. Juzi kasalimia ukoo mzima wimbo ukaisha hatujasikia hata neno.

Dada wa Rumba:
Huyo!! Tena anakosea jina la bendi. Kila wimbo wenye tarumbeta kwake ni wa Mbaraka Mwinshehe. Mpaka na za Marijani Rajabu.

Msondo Damu:
Huyo aondolewe leo. Hili ni kubwa kuliko la mwenye leso.

Mtoto wa Kaseti:
Nyie mnalia na redio. Mimi shemeji aliazima kaseti yangu ya Vijana Jazz, kairudisha amerekodia mahubiri juu yake. Upande A wote. Upande B kamwacha Maneti, mwimbaji wao, anaimba nusu wimbo, halafu linaanza tangazo la kutafuta mbuzi aliyepotea.

Besi Nzito:
😂😂😂 Mbuzi alipatikana?

Mtoto wa Kaseti:
Hajapatikana, na kaseti nyingine mbili kakaa nazo mpaka leo. Hata hivyo redio yangu ya kaseti yenyewe mgonjwa. Kila mwimbaji anaimba kama ana usingizi, sauti imekuwa nzito.

Mdau wa Veranda:
Huo ni mkanda wa ndani umelegea, mota inazunguka lakini haivuti vizuri. Usikubali fundi akuambie ni hedi, kile kichwa kinachosoma kaseti. Wengine wanauchemsha kwenye maji ya moto ujibane, ila baada ya wiki mbili unalegea tena. Badilisha tu.

Mzee wa Chemko:
@Mdau wa Veranda hiyo mikanda bado ipo? Ninayo redio ya marehemu baba, ya milango miwili ya kaseti, iko juu ya kabati miaka na miaka.

Mdau wa Veranda:
Ipo. Ya kwako ni bapa au mraba?

Mzee wa Chemko:
Ngoja nipande kwenye kiti niifungue.