Mjadala: Je, fedha za utafiti wa tiba zifungamanishwe na usawa wa uongozi?

Mwanzisha mada: Tumeambiwa kwa muda mrefu tusubiri, kwamba wanawake wakijaa madarasani, uprofesa na ukuu wa vitivo vitafuata vyenyewe. Nchini Marekani wanawake walizidi nusu ya wanafunzi wapya wa udaktari mwaka 2017, lakini wakuu wa vitivo wanawake wangali wachache, kwa sababu cheo cha kitaaluma hakiji kwa umri kama mvi. Kinataka ruzuku, machapisho na mkubwa atakayekutaja katika kikao usichoalikwa. Ndiyo maana naunga mkono uamuzi wa Sally Davies, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali nchini Uingereza, ambaye mwaka 2011 alitangaza kuwa shule za udaktari zisizofikia daraja la fedha (lile la kati ya shaba na dhahabu) la Athena SWAN, mpango wa kutambua vyuo vinavyojenga usawa wa kijinsia, zisitarajie kufikiriwa katika baadhi ya ruzuku kubwa.

Mchangiaji wa kwanza: Sharti hilo liliondolewa mwaka 2020, katika jitihada za kupunguza urasimu, nami sikulisikitikia. Kazi ya kuandaa maombi ya daraja iliwaangukia zaidi wanawake walewale waliokusudiwa kuinuliwa, na siku ya kupandishwa vyeo hakuna kamati iliyowahi kuhesabu fomu za usawa kuwa ni machapisho.

Mwanzisha mada: Basi zihesabiwe! Udhaifu huo haufuti hoja yenyewe. Nchini Kanada, taasisi ya taifa inayofadhili utafiti wa afya iliwahi kuendesha mipango miwili kwa pamoja: katika mmoja waamuzi walipima zaidi ubora wa utafiti uliopendekezwa, na katika mwingine walimpima zaidi mtafiti mwenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa kiwango cha wanawake kupata ruzuku kilipungua kile cha wanaume kwa karibu pointi 1 tu ya asilimia katika mpango wa kwanza, lakini kwa pointi 4 katika ule wa pili. Mfadhili, kwa kubadili swali analomuuliza mwamuzi, anaweza kuliziba pengo.

Mchangiaji wa pili: Mfano huo ni mzito, ila hautufikishi kwenye ukuu wa idara, ambako hakuna andiko la utafiti la kupimwa na anayehukumiwa ni mtu, tena aghalabu na watu waliozoeana naye kwa miaka. Mimi ningeliweka sharti la fedha hapo: nafasi itangazwe wazi, na ukuu uwe na kikomo cha miaka, maana kiti kisichoachwa hakigombewi.