Yule bwana wa "mbao za Mjerumani" amemwambia mama mkwe wangu kwamba sakafu yake inahitaji watu wepesi

Mkazi wa Ilazo (mleta uzi):
Wanajukwaa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Simtaji jina kwa sababu hakuna haja. Kila aliyejenga au kukarabati nyumba hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Iyumbu, anamfahamu yule bwana wa mbao za kale mwenye penseli sikioni hata akiwa msibani, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuuza ubao ambao haukutoka kwenye boma la Mjerumani.

Leo mchana, mbele ya mke wangu, shemeji zangu wote na mama mkwe aliyetoka Kondoa kuja kuiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza, bwana huyo aliutazama mguu wa mama mkwe uliokuwa umezama katika sakafu ya sebule hadi kwenye kifundo, akakohoa kidogo, kisha akasema: "Mama, sakafu hii inahitaji watu wepesi."

Watu wepesi! Na alikuwa amekuja kudai salio lake.

Aliponiuzia mbao hizo alinihakikishia kwamba ni mninga mtupu, uliobomolewa kutoka katika nyumba ya zamani, na kwamba mbao zilizokwisha kutumika hazipindi tena kwa sababu "zimekwisha kumaliza utoto". Nilizipenda, kwa kuwa rangi ilikuwa nyekundu ya kahawia na kila ubao ulikuwa na matundu ya misumari yaliyozibwa kwa gundi na vumbi la msumeno. Leo tulipoung'oa ule ubao uliovunjika ili kuuokoa mguu wa mzazi wetu, upande wa chini tulikuta saruji imeganda, na pembeni mtu ameandika kwa chaki ya buluu "BIMU 3". Ni paini, ndugu zangu. Ni paini iliyokwisha kufungia zege la ghorofa la mtu, ikapakwa vanishi ya rangi ya mninga upande mmoja, ikatobolewa matundu ili ionekane imezeeka, kisha ikaletwa nyumbani kwangu kwa heshima zote za historia.

Wajerumani waliifikisha reli hapa mwaka 1910 na wakaondolewa mwaka 1916. Ningependa mtu anieleze ni kwa namna gani, katika miaka hiyo, walipata nafasi ya kupasua mbao za kutosha kila sebule ya Ilazo, Kisasa na Area D, na bado zikabaki za kutengenezea kabati za vyombo.

Lakini hata mbao si hoja. Hoja ni kwamba mama mkwe yumo ndani ya sakafu, mimi kwa mila zetu siwezi hata kumgusa mkono, sembuse kumvuta mguu, nimesimama naangalia dirishani huku nikiita watu, na yule bwana yuko hapo hapo, penseli sikioni, anamshauri mzazi wangu kuhusu uzito! Mama hakujibu neno. Aliomba viatu vyake, akanywa chai nje chini ya mwarobaini, na ameniagiza kupitia mke wangu kwamba atarudi nikishajenga nyumba.

Zabibu Kavu:
Pole sana mkuu. Kabla hatujamhukumu mtu, naomba mleta uzi atuwekee uzito wa mama mkwe ili mjadala uwe wa kitaalamu.

Mkazi wa Ilazo:
Zabibu Kavu, nakuheshimu, lakini ukirudia hilo nitawaita wasimamizi wa jukwaa. Mama ni mwembamba. Hata angekuwa mnene kama tembo wa Ruaha, sakafu ni ya kukanyagwa!

Mama Wawili wa Kisasa:
Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Huyo bwana ndiye aliyenitengenezea milango, na alipoletwa kuona kwamba haifungiki aliniuliza kama ni lazima tuifunge. Kwangu hakusema Mjerumani. Alisema mbao zilitoka kwenye jahazi la Bagamoyo. Nadhani hubadilisha asili kulingana na kabila la mteja.

Pima Maji:
Mimi ni seremala, na naomba niseme jambo kabla uzi haujaharibika. Mbao zilizotumika si mbaya hata kidogo; mninga au mkongo wa zamani ukiupata kweli ni bora kuliko mbichi unaouzwa leo. Msumari wa chuma uliokaa miaka mingi katika mbao ngumu za namna hiyo kwa kawaida huacha duara jeusi kuzunguka tundu, kwa hiyo tundu safi lisilo na weusi wowote linapaswa kukutia shaka. Mbao zikifika huondolewa misumari yote, hupigwa randa, kisha huachwa ndani ya nyumba ile ile zitakamolazwa, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, kwa sababu Dodoma ni kukavu kuanzia Mei hadi Novemba na ubao uliotoka pwani utasinyaa hapa, hasa kwa upana. Ukizilaza wakati wa kiangazi lazima uache nafasi ya kama milimita 10 pembeni mwa kuta, kwani mvua zikianza Desemba zitavimba, na zikikosa pa kwenda zitainuka. Zege la chini liwe limekauka na litandikwe nailoni nzito. Tena muhimu kwa mleta uzi: mbili kwa mbili za chini, yaani zile mbao zinazoibeba sakafu, zilipishana kwa umbali gani?

Mkazi wa Ilazo:
Nimepima sasa hivi kwa futi kamba. Ni karibu mita moja.

Pima Maji:
Mita moja, kwa ubao wa inchi moja wa paini uliokwisha kuloweshwa na zege! Inatakiwa isizidi sentimita 40 au 45. Mkuu, hiyo si sakafu, hilo ni daraja. Mshukuru Mungu mama alizama mguu mmoja.

Zabibu Kavu:
Kwa hiyo kitaalamu fundi alisema kweli kwamba inahitaji watu wepesi.

Mkazi wa Ilazo:
Hakupaswa kumwambia yeye! Angeniambia mimi, pembeni! Mtu mzima yumo ndani ya sakafu, wewe unamwambia "watu wepesi"!

Mstaafu wa Makulu:
Vijana, mnalalamikia mbao kwa sababu hamjaonja udongo wa mfinyanzi. Mimi nimeweka vigae nyumba nzima, na kila mwaka mvua zikija udongo unavimba, kiangazi unasinyaa, na sasa ufa umeanzia jikoni, umepita ukumbini, umeingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Fundi wangu aliniambia ni urembo. Mwenye mbao akae kimya, ubao hubadilishwa.

Mama Wawili wa Kisasa:
Mzee wangu shikamoo. Je, ulichimba msingi hadi kuufikia udongo mgumu, au nawe ulipewa fundi wa "inatosha hapo"?

Mstaafu wa Makulu:
Marahaba mwanangu. Nilipewa wa "inatosha hapo", na siku hizi anajenga ghorofa.

Bwana Msasa:
Vigae si kitu. Njooni muone jipsamu yangu. Fundi alipokea malipo ya awali, akaninginiza nusu ya dari, akasafiri kwenda kuzika Singida, na kwa hesabu yangu ukoo wake umekwisha. Kila nikipiga simu kuna msiba mpya.

Mkazi wa Ilazo:
Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumzia sakafu yangu na heshima ya mama mkwe.

Mama Wawili wa Kisasa:
Bwana Msasa, huyo wa jipsamu ni yule mrefu mwenye pikipiki isiyo na kioo? Kama ndiye, ana ngazi yangu.

Bwana Msasa:
Ndiye. Ngazi yako iko sebuleni kwangu, imeshikilia dari. Nikiiondoa, nusu iliyobaki itashuka.

Mstaafu wa Makulu:
Basi huyo huyo alinipakia rangi mwaka juzi. Tumwekee uzi wake.

Zabibu Kavu:
Mleta uzi, naomba namba ya yule bwana wa mbao za Mjerumani. Nataka za banda la mbuzi, na mbuzi wangu ni wepesi.