Kujitolea kuhifadhi majengo ya kale: Mji Mkongwe, Lamu au Kilwa?

Kipanga
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kujitolea kwenye uhifadhi wa majengo ya kale na nimebakiwa na sehemu tatu: Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Kilwa Kisiwani. Wapi mtu wa kujitolea anapewa kazi ya maana, si kushikishwa ufagio na kupigwa picha? Natakiwa nitoe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba ulinganisho wa kweli.

Mirunda
Hujasema fani yako, muda ulionao, miezi ipi, pasipoti ya wapi, wala nani analipa malazi. Bila hayo utapewa majibu ya kubahatisha.

Miezi hasa. Masika, Machi hadi Mei, hakuna lipu ya chokaa inayopigwa nje ikakaa. Januari na Februari jua linainyonya maji kabla haijashika, inapasuka nyufa nyembamba na ukiigusa inatoa vumbi. Juni hadi Septemba ndiyo kazi yenyewe. Ukija wakati wa mvua utafanya michoro na kumbukumbu ndani, jambo ambalo si baya, ila ujue mapema.

BintiAmu
Lamu, bila kufikiria mara mbili. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na watu wanaishi ndani ya nyumba zile zile. Mafundi wa nakshi, wa chokaa na wa milango bado wako mitaani, kwa hiyo unajifunza kwa mtu, si kwa kitabu. Usimamizi uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inakataza kugusa jengo lililotangazwa kuwa la urithi bila idhini ya maandishi. Kwa hiyo barua yako ya kwanza iende makumbusho, si kwa mwenye nyumba.

Ukija, omba kuwekwa kwenye zidaka. Ule ukuta wa vishubaka vya plasta ukishaharibika, wengi huukwangua wote na kuusawazisha. Kazi ya kujaza kipande kilichokatika tu, na kuacha cha zamani kilivyo, inahitaji mikono mingi yenye subira.

Mkunazini
Bibie Amu ametetea kwao, haki yake. Lakini kwa wingi wa kazi huwezi kuulinganisha Mji Mkongwe na pengine.

Kipanga, tofautisha vitu viwili. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985, ni chombo cha serikali: inatoa vibali, inakagua, inasimamisha ujenzi. Jumuiya ya kiraia, Zanzibar Stone Town Heritage Society, ndiko mtu wa kujitolea huwa anaingia. Jumuiya haikupi ruhusa ya kubomoa hata tofali moja. Kibali kinatoka Mamlaka. Wageni wengi huchanganya, wanafika na vifaa mkononi halafu wanakaa wanasubiri karatasi.

Na kazi inayohitajika zaidi haihitaji mwiko wa fundi: orodha ya hali ya nyumba. Unaingia na futi ya mita 30, kipimo cha leza kama kipo, ubao na penseli. Kila chumba unapima kuta nne na mishazari yote miwili, maana hakuna chumba kilicho mraba kule. Unene wa ukuta unauchukua kwenye dirisha. Ufa unauchora mstari wa penseli kwa kuukata na kuandika tarehe, au unabandika kipande chembamba cha kioo juu yake. Kikipasuka, ukuta unatembea. Picha unaipa jina la mtaa, namba ya nyumba, namba ya chumba na upande unaotazama. Picha 400 zenye majina ya kamera hazimsaidii mtu.

Kipanga
Shukrani. Nina stashahada ya ujenzi, nina wiki sita, kuanzia katikati ya Juni. Kazi ya mikono siiogopi. Lakini tusifanye chokaa kuwa dini jamani, si mnaweza kutia saruji kidogo ikashika haraka?

FundiChokaa
Haya, hapo ndipo majengo yanapokufa.

Iko nyumba moja ya ghorofa mbili, mji siutaji wala kikundi sikitaji. Ukuta wa chini ulikuwa unamenyeka hadi kimo cha kiuno. Kikundi cha kujitolea kilikuwa na programu ya wiki mbili, na lazima kazi ionekane imekwisha kabla ya watu kupanda ndege. Chokaa haimalizwi kwa wiki mbili: tabaka la kwanza lisizidi milimita 10 au 12, unalilowesha asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, ndipo la pili. Wakaona tabu. Wakapiga saruji, moja kwa nne za mchanga, sentimeta tatu nzima, wakasugua ikawa laini, wakapaka rangi ya plastiki juu.

Picha zilikuwa nzuri. Sasa sikiliza kilichofuata. Ukuta wa matumbawe na udongo unavuta maji kutoka chini na kuyatoa kupitia usoni. Uso ukiuziba, maji hayarudi ardhini, yanapanda. Baada ya masika moja unyevu ulikuwa umefika juu ya lipu mpya, usawa wa sakafu ya ghorofa ya kwanza, na pale ndipo ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta. Chumvi nayo ikakusanyika nyuma ya saruji na kuganda fuwele. Ukigonga kwa kidole unasikia uwazi. Ikaanza kudondoka vipande vikubwa, na kila kipande kimeondoka na uso wa jiwe lenyewe, maana saruji ilishika jiwe kwa nguvu kuliko jiwe lilivyojishika. Mchwa wakafuata unyevu. Ncha nne za boriti zikawa unga na sakafu ikainama.

Ilibidi kuweka mirunda, yaani nguzo za muda za kushikilia sakafu. Na mirunda haiwekwi chumba kimoja tu. Inashuka ghorofa hadi ghorofa kwa mstari mmoja mpaka chini kabisa, la sivyo unahamishia mzigo kwenye sakafu nyingine mbovu. Saruji ikatolewa kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine, kwa sababu mtikisiko unalegeza mawe ya ndani. Ukuta ukaachwa wazi kiangazi kizima. Chumvi ikafutwa kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ndipo boriti zikabadilishwa na chokaa ikarudi.

Chanzo cha yote? Bomba la maji ya mvua lililopasuka kwenye kona ya paa. Hakuna aliyeinua kichwa.

Pimamaji
Unatisha watu. Mchanganyiko wa saruji moja, chokaa moja, mchanga sita unatumika kila mahali na nyumba zimesimama.

FundiChokaa
Zimesimama kwa sababu ni za tofali za saruji. Hiyo moja-moja-sita si chokaa tena, ni saruji iliyopunguzwa ukali. Ukitaka chokaa ishike mapema tia unga wa tofali la kuchoma au vigae, uliochekechwa, sehemu nusu kwa moja ya chokaa na mbili na nusu za mchanga. Inashika hata kwenye unyevu na bado inapumua.

Mirunda
Na mchanga uwe wa shimo, mkali, uliochekechwa. Wa ufukweni una chumvi. Hata ukioshwa sijaona sababu ya kujitia kwenye bahati nasibu hiyo. Kwa kawaida moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, kwa ndoo, si kwa koleo.

Kipanga, kabla hawajakukabidhi pipa la kuzimia chokaa hai, ile ambayo bado haijatiwa maji: tia chokaa kwenye maji, usitie maji kwenye chokaa. Inachemka na kuruka. Miwani inayofunga pembeni, glavu za mpira, gambuti. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka robo saa au zaidi, kisha hospitali. Mahali wasipokupa miwani, usifanye kazi hiyo. Na uliza wanaihifadhi chokaa yao muda gani baada ya kuizima. Chini ya wiki tatu bado ina punje ambazo hazijafa, zitapasukia ukutani na kuacha vishimo.

Mvuvi_wa_Masoko
Mmeisahau Kilwa kabisa. Kule hakuna mpangaji, hakuna warithi kumi wanaogombana, hakuna duka la chini. Ni magofu: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, ngome iitwayo Gereza, na kisiwa jirani cha Songo Mnara kwa upande wake. Urithi wa dunia tangu 1981, ukatiwa kwenye orodha ya hatari 2004, ukatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki.

Kazi yake ni nyingine. Ukuta usio na paa unakufa kutoka juu, kwa hiyo unafunika kichwa chake kwa mawe madogo na chokaa, kwa mwinamo, maji yasitulie. Mti uliootea ukutani usiung'oe. Mizizi itatoka na nusu ya ukuta. Unakata shina lake karibu na ukuta, unapaka dawa kwenye jeraha palepale likiwa bichi, unauacha ukauke, msimu mwingine ndipo unachomoa kinachochomoka na kujaza pengo. Upande wa bahari kuna mmomonyoko, kwa hiyo hata kupanda mikoko ni uhifadhi. Starehe usitegemee. Unavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko na maji ya kunywa unabeba.

BintiAmu
Magofu ni kazi nzuri kwa anayependa upweke. Kipanga ana stashahada ya ujenzi. Ajifunze sakafu ya boriti, na hiyo Kilwa haipo.

Mvuvi_wa_Masoko
Na boriti zenyewe mnazitoa wapi siku hizi?

BintiAmu
Hapo umegusa kidonda. Marufuku ya kukata miti Kenya, 2018, iligonga mikoko ya Lamu pamoja na misitu ya bara. Mkataji alikosa riziki, fundi akakosa boriti, nyumba zikatiwa zege. Na si kila mkoko ni boriti. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na unene wake. Boriti ni kama sentimeta 12 hadi 14. Ukimletea fundi mazio akaziweka mahali pa boriti, sakafu inacheza ukitembea.

Pimamaji
Ndiyo maana nasema slabu ya zege ni suluhisho. Haiozi, haina mchwa.

Mkunazini
Sheikh, chumba cha kale ni chembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, mita mbili na nusu hadi tatu. Ukuta umejengwa kubeba sakafu hiyo ya boriti. Ukilaza juu yake slabu ya zege ya sentimeta 12, umeweka zaidi ya kilo 250 kwa kila mita ya mraba kabla hujaweka kitanda. Na ukuta ule hauna nondo, ni mawe na udongo, unafunguka kwa pembeni.

Tukiwa kwenye uzito na hatari: Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe la 1883, sehemu yake ilianguka Desemba 2020 wakati matengenezo yanaendelea, na watu wawili walifariki. Kwa hiyo popote utakapokwenda, omba kuona ripoti ya mhandisi ya jengo utakaloingia, uulize kofia ngumu zipo ngapi na bima ya ajali inamhusu nani. Wakikujibu "tutaona", hapo si mahali pako.

Kipanga
Nimeelewa. Nilisahau kusema naishi Muscat na pasipoti yangu ni ya Oman. Wazee wangu ni wa Unguja. Kuna tofauti?

Mirunda
Kumbe! Hiyo ndiyo ilitakiwa iwe mstari wa kwanza.

Tanzania, mgeni anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na Zanzibar ina ofisi zake na utaratibu wake. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, hata ya bure. Kenya nako kuna kibali chao, sio viza tu. Anayeomba ni taasisi inayokupokea, kwa barua yao na usajili wao, si wewe. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa wote watatu liwe: mna usajili hai, na mtaniombea kibali? Asiyejibu ndani ya wiki, mtoe kwenye orodha. Wiki sita zinaweza kuliwa zote na karatasi.

Mkunazini
Na kama kuna wakala anakutoza ada kwa wiki, mwambie akuandikie ni kiasi gani kinafika kwenye jengo: chokaa, mbao, ujira wa fundi. Ujira wa fundi hasa. Mtu wa kujitolea akimnyima fundi kibarua, hajahifadhi kitu.

Kama una nasaba Unguja, waulize wazee kama kuna nyumba ya familia au ya wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimekwama hapo: warithi wametawanyika, kodi haitoshi hata kutengeneza mfereji. Kusaidia kukusanya nyaraka na saini kunaweza kuiokoa nyumba kuliko ndoo mia za chokaa.

Pimamaji
Sasa tumetoka kwenye ujenzi tumeingia mirathi.

FundiChokaa
Mirathi ndiyo paa linalovuja, kaka.

Kipanga
Nimewaandikia Unguja na Lamu kuhusu kibali. Kilwa nimeiweka akiba. Unguja wamejibu kwamba Juni watakuwa wanapaka kuta za nje. Hiyo ni kazi ya kujifunza kweli au ndiyo ule ufagio?

FundiChokaa
Inategemea wanapaka nini. Kama ni rangi ya plastiki, ufagio. Kama ni chokaa, ni kazi: ukuta uloweshwe kwanza, chokaa iwe nyepesi kama maziwa, tabaka nne au tano, kila moja ikauke siku nzima. Ukipaka nzito mara moja inabanduka maganda. Waulize pia mabomba ya paa yamekaguliwa lini.

BintiAmu
Lamu hawajakujibu bado? Leo ni Ijumaa, ngoja Jumatatu.