Kampuni tatu za familia, mfuko mmoja: kampuni mama itatusaidia?

Binti_Kilombero:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Baba alianza na mashine moja ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Leo tuna kampuni tatu zilizosajiliwa BRELA, kwa msajili wa makampuni: mashine, malori manne na duka la vifaa vya ujenzi. Daftari la mashine nalishika mimi. Msimu wa mavuno tunaingiza vizuri, lakini ikifika Novemba mota ikiungua sina hata ya fundi. Pesa imeshakwenda kwenye matairi, au kwenye mzigo wa saruji wa dukani. Kaka zangu husema pesa ni ya nyumba moja. Sasa wanataka tuunde kampuni mama imiliki zote, benki itukopeshe kwa jina moja. Biashara itakwenda vizuri zaidi kweli, au tutakuwa tumebadilisha kibao tu mlangoni?

Mkaguzi_Tanga:
Dada, kampuni mama si mbaya. Mpunga ukilala, malori yanaubeba ukoo. Shida ni nani anaamua pesa ihame, na kwa karatasi gani.

Mimi niko Tanga, kwa hiyo mfano wangu ni wa hapa. ARM Cement ya Kenya ilikuwa na kampuni tanzu yake huku, Maweni Limestone. Mama akakopa, akamkopesha mtoto ajenge kiwanda. Dangote, tajiri wa saruji wa Nigeria, akawasha kiwanda chake Mtwara, bei ya saruji ikabanwa, mtoto akashindwa kurudisha. Mwaka 2016 CDC, taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, ilitia dola milioni 140 ndani ya ARM. Hazikutosha: Agosti 2018 ARM ikawekwa chini ya wasimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Sasa tazama hapa. Mali za Kenya ziliuzwa dola milioni 50, lakini Maweni ilinunuliwa na Huaxin ya China kwa dola milioni 116. Kiwanda chenyewe kilikuwa na thamani! Kilichoua ni madeni yaliyobebwa juu yake.

Kwenu, kila mkopo kati ya kampuni na kampuni uwe na mkataba, riba na tarehe ya kulipa. TRA, watu wa kodi, nao wanataka kampuni ndugu ziuziane kwa bei ya soko. Na kwenye bodi wekeni mtu mmoja asiye wa ukoo, anayeweza kumwambia kaka yako hapana.

Mzee_wa_Kisauni:
Binti yangu, mimi nakuongezea la dhamana. Kisheria kila kampuni ni mtu wake. Deni la malori si deni la mashine. Ukuta huo mnaubomoa wenyewe kwa sahihi moja. Sisi tulikuwa na mabasi na ghala, kampuni mbili mbalimbali. Benki ikataka kila moja imdhamini mwenzake, tukatia sahihi bila kusoma, siku moja kabla ya Idi. Mabasi yalipokwama, ghala lilipigwa mnada, na ghala halikuwa na deni hata la shilingi. Marehemu ndugu yangu hakupona na jambo lile. Soma kila ukurasa, mwanangu.

Binti_Kilombero:
Asanteni kwa ushauri, na pole sana mzee wangu. Jana usiku nimepiga hesabu: tangu Juni mashine imewapa malori milioni 41, bila karatasi hata moja. Nilidhani ni kama kumi na tano. Jumapili tunakaa kwa baba. Kabla hatujataja kampuni mama, nitasoma hesabu hiyo, na nitaomba malori yaandikiwe deni.