Naomba ushauri: klachi nzito na kiti kinachoniumiza mgongo

Ndugu zangu, habari za jioni. Naendesha gari dogo la mizigo lenye gia za mkono, ambalo injini yake iko chini ya kiti, na mara tatu kwa wiki huchukua ndizi Kwa Sadala na kuzishusha Kilombero, Arusha. Taabu huanza Tengeru kwenye foleni, kwani pedali ya klachi imekuwa nzito kiasi kwamba nikiteremka sokoni goti la kushoto linatetemeka.

Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya juu ya klachi (ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) na kutoa hewa kwenye mafuta hayo, ikalainika siku nne tu. Wa pili anasema presha pleti (sahani inayobana diski ya klachi) imechoka, hivyo gia boksi ishushwe na vibadilishwe vyote, yaani presha pleti, diski na beringi. Naelekea kumwamini, kwa kuwa siku hizi klachi inashikia juu kabisa, pedali ikikaribia kurudi yote, dalili ya klachi iliyolika, ila gharama yake ni mapato yangu ya wiki nzima.

Kiti nacho sponji imebonyea. Nimeweka mto wa sebuleni (mke wangu bado anautafuta), lakini umeninyanyua hadi usukani unagusa mapaja, na usukani wenyewe haushuki wala haupandi.

Aliyewahi kufunga kiti cha gari la saluni kwenye gari la namna hii, je, reli zake zilikubali, au nianze kwa kushonewa sponji mpya ngumu? Na je, nitengeneze klachi kwanza au kiti?