Kwa nini mgonjwa mwenye tatizo la haiba la mpakani hulazwa tena na tena?

Dada Mkubwa:
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kike ana tatizo la haiba la mpakani (kwa Kiingereza borderline personality disorder), yaani hisia zake ni kali na hubadilika ghafla, hasa katika mahusiano, na kwa muda mrefu sasa amekuwa akilazwa wodi ya magonjwa ya akili, akiruhusiwa, kisha akirudishwa hata kabla dawa alizopewa hazijaisha. Chanzo huwa kilekile: ugomvi na mtu anayempenda, hofu ya kuachwa, kisha kujidhuru. Akifika wodini hutulia upesi mno, kiasi kwamba ndugu wengine wameanza kusema anaigiza. Daktari mmoja ametuonya kwamba kulazwa mara kwa mara kunaweza kumzidishia tatizo. Mwingine amesema tusithubutu kubaki naye nyumbani anapofikia hali hiyo. Tumfuate yupi?

Muuguzi wa Zamu:
Pole sana, dada. Kwa maoni yangu madaktari hao hawapingani, kwa kuwa mmoja anazungumzia usiku wa hatari na mwingine anazungumzia mwenendo wa miaka. Kutulia upesi si ushahidi wa kuigiza hata kidogo. Hisia za mgonjwa wa aina hii hupanda kwa kasi zinapochochewa na jambo la mahusiano, na hushuka anapotenganishwa na kichocheo hicho. Tatizo ni kwamba wodi haikigusi kichocheo chenyewe, kwa hiyo anapotoka na dawa pamoja na tarehe ya kliniki tu, hana jipya la kumsaidia katika ugomvi unaofuata. Dawa nazo zisitegemewe kupita kiasi: mwongozo wa mwaka 2009 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unashauri zisitumiwe kutibu tatizo hili lenyewe, ingawa zinaweza kuhitajika kwa ugonjwa mwingine unaoandamana nalo, kama vile sonona.

Msaikolojia:
Ninakubaliana na Muuguzi, na ninaongeza kwamba kinachopunguza kulazwa ni tiba ya mazungumzo yenye mpangilio, inayoendelea kwa muda mrefu nje ya wodi. Mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba naye aliwahi kulazwa kwa muda mrefu akiwa msichana, alichapisha mwaka 1991 utafiti ulioonyesha kwamba wanawake waliopata tiba aliyoibuni, iitwayo tiba ya kidialektiki ya tabia (DBT), inayofundisha mbinu za kustahimili hisia kali, walijidhuru mara chache na kukaa siku chache wodini kuliko waliopata huduma za kawaida. Katika tiba hiyo mgonjwa humpigia simu mtaalamu wake kabla ya kujidhuru ili aelekezwe mbinu ya kutumia papo hapo. Akishajidhuru, simu za namna hiyo husitishwa kwa saa 24, isipokuwa pale maisha yanapokuwa hatarini. Watu wa nje huuona utaratibu huo kuwa wa kikatili, lakini shabaha yake ni kuhakikisha kwamba mtu anasikilizwa mapema, bila kulazimika kuumia kwanza.

Kuhusu kulazwa kwenyewe, Uholanzi na Sweden zimejaribu utaratibu ambao mgonjwa hujipeleka mwenyewe kwa siku chache zilizokubaliwa katika mkataba ulioandikwa akiwa ametulia. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2019 haukuonyesha kwamba jumla ya siku za kulazwa ilipungua kuliko kwa wenzao wasiokuwa na mkataba, kwa hiyo tusiutukuze kupita kiasi; hata hivyo, mimi naona ni afadhali mtu aingie wodini kwa hiari yake kuliko kuburutwa.

Niliyepitia:
Mimi ninaishi na tatizo hili. Nilichokuwa nikikikosa ni mpango wa maandishi, ulioandaliwa pamoja na daktari na familia nikiwa mtulivu. Wangu umebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na mstari mmoja unasema: “Usiniulize kwa nini nimefanya hivi, niambie unaondoka saa ngapi na utarudi saa ngapi.” Unataja pia dalili zangu za mwanzo, kwa mfano kutuma ujumbe mfululizo bila kungoja jibu, na unaeleza ni katika hali gani nipelekwe hospitali bila mjadala.

Dada Mkubwa:
Asanteni sana. Je, kuna umri au wakati ambapo hali hii hupoa?

Msaikolojia:
Kwa walio wengi, ndiyo. Utafiti ulioanza mwaka 1992 katika hospitali ya McLean, Marekani, uliwafuatilia wagonjwa 290, na ndani ya miaka 10 wengi mno walipata nafuu iliyodumu angalau miaka 2. Kazi na mahusiano ndiyo huchelewa kutengemaa.

Muuguzi wa Zamu:
Dada, msije mkaelewa kwamba asipelekwe hospitali. Akisema anataka kufa na ana namna aliyoipanga, au akiwa amejiumiza vibaya, mpelekeni mara moja. Juma la kwanza baada ya kuruhusiwa ni la hatari ya pekee, kwa hiyo kabla hamjatoka wodini dai miadi iliyo ndani ya siku hizo 7, na mkubaliane ni nani atakayemtunzia dawa.