Kinga ya macho kwa hadubini ya UV nyumbani: polikaboneti nyeupe, miwani ya manjano au ngao ya uso?

Mdudu_Maji
Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kuangalia mwani na chavua ving'ae kwa UV, ule mwanga usioonekana kwa jicho. Hadubini ninayo, tochi nimeshaiagiza. Kabla haijafika nataka ninunue kinga ya macho isiyo ghali. Nimebaki na tatu: miwani myeupe (isiyo na rangi) ya polikaboneti, ile plastiki ngumu, wanayovaa mafundi, miwani ya manjano inayouzwa pamoja na tochi za UV, au ngao ya plastiki inayofunika uso mzima. Nichukue ipi?

Lenzi_Kongwe
Karibu sana, ila hapo huwezi kupata jibu la maana. Tochi ni ya nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake? Unamulika ubavuni, chini ya meza ya hadubini, au kupitia lenzi yenyewe? Na unaangalia kwa jicho au kwa kamera? Leta hayo kwanza.

Chavua
Mimi nasema polikaboneti, tena bila kusubiri. Plastiki yenyewe ndiyo inayomeza UV, karibu yote iliyo chini ya nanomita 380. Haitegemei rangi ya kupakwa, hivyo hata ikikwaruzika kinga iko palepale. Chagua iliyofunika pembeni. Alama za kutafuta: ya Ulaya huandikwa 2C-1.2 kwa kiwango cha EN 170, ya Marekani Z87 ikiambatana na U6. Isiyo na alama yoyote iache.

Mdudu_Maji
Kwenye tangazo wameandika "tochi ya UV" tu. Nitamulika ubavuni, na nataka kuona kwa macho yangu, si kamera.

Lenzi_Kongwe
Basi muulize muuzaji, kwa sababu hapo ndipo uamuzi ulipo. Tochi hizi nyingi ni za 365 au 395. Kwa 365, polikaboneti nyeupe inatosha kabisa. Kwa 395 mwanga umeshasogea karibu na zambarau inayoonekana, na sehemu yake inapita kwenye polikaboneti nyeupe. Hapo ya manjano inashinda. Na siku ukihamia LED ya buluu ya 450, zote mbili zitakuwa hazikusaidii, utahitaji ya rangi ya chungwa.

Ngao ya uso usinunue mpaka ujue ni plastiki gani. Nyingi za bei rahisi ni PET, plastiki ya chupa za maji, na PET huzuia UV fupi tu, hadi nanomita 320 hivi. Kwa 365 ni kama hujavaa kitu. Ngao ya polikaboneti ni habari nyingine, hiyo ni nzuri kuliko miwani kwa sababu inakinga na ngozi.

Siafu
Naomba niongezee jambo kuhusu pembeni, maana watu wanalichukulia kirahisi. Nilialikwa mahali kuona madini na wadudu waking'aa. Mwenyeji alikuwa amechomoa taa ya kuua vijidudu, ile ya zebaki ya nanomita 254, akaizungushia karatasi ya alumini ili mwanga uwe mkali. Mimi nilikuwa na miwani yangu ya kawaida ya kioo, na kioo kinazuia 254 vizuri. Lakini ile alumini ilirudisha mwanga kila upande, ukaingia chini ya fremu na kwenye mashavu. Muda wote sikuhisi chochote. Nimerudi, nimekula, nimelala, katikati ya usiku naamka macho yanatoka machozi mfululizo kama nimemwagiwa mchanga ndani. Taa ya chumbani sikuweza kuiangalia. Daktari wa macho alinieleza kuwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imeungua kwa juu, na kwamba maumivu huja saa kadhaa baadaye. Yalipona, lakini usiku ule siusahau. Kwa hiyo kaka, chochote utakachochagua, kizibe pembeni na chini.

Chavua
Pole sana. Ila tusimtishe mwenzetu, 254 na 365 havifanani hata kidogo. Tochi yake haiwezi kuunguza konea namna hiyo.

Siafu
Haiunguzi namna hiyo, sawa, lakini haina maana kwamba haidhuru. 365 inaivuka konea na kumezwa na lenzi ya jicho, na ikirundikana miaka na miaka inachangia mtoto wa jicho. Kwa watoto nyingine hupita mpaka ndani kabisa. Na kwa kuwa jicho halioni UV, mboni haisinyai kujikinga. Kuna dalili moja usiipuuze: ukiona ukungu wa buluu umetanda juu ya kila kitu, ujue ni lenzi ya jicho lako inayong'aa. Zima tochi papo hapo.

Kioo_cha_Rangi
Manjano peke yake haithibitishi kitu, nimeona za manjano zinazopitisha. Jaribu hivi: chumba kiwe na giza, mulika karatasi nyeupe ya printa, itang'aa buluu. Sasa weka lenzi ya miwani kati ya tochi na karatasi. Mng'ao ukizimika, miwani inazuia. Usivae miwani ndiyo uangalie karatasi, maana mng'ao wenyewe ni mwanga wa kawaida na utauona tu.

Na kwa nini hakuna aliyetaja kichujio? Ukimulika ubavuni, UV inatawanyika na kuingia kwenye lenzi ya hadubini, na kioo cha lenzi nyingi kinapitisha 365 kwa wingi. Weka kichujio cha manjano kinachoanza kupitisha nanomita 420 ndani ya mrija wa hadubini. Jicho limekingwa, na nyuma ya sampuli panakuwa peusi safi.

Lenzi_Kongwe
Kweli kabisa. Hata Köhler, mtaalamu wa hadubini wa kampuni ya Zeiss, mwaka 1904 alikuwa anatafuta hadubini ya UV ili aone vitu vidogo zaidi, sampuli zikawa zinang'aa na kumharibia picha.

Chavua
Lakini hadubini ya kwanza ya kuangalia mng'ao ilitengenezwa na Heimstädt, 1911.

Lenzi_Kongwe
Sijasema Köhler aliitengeneza. Nimesema aliuona mng'ao.

Mdudu_Maji
Muuzaji amejibu, ni 395. Kwa hiyo nichukue ya manjano, au nibadilishe tochi?

Chavua
Usibadilishe. Klorofili, ile kijani ya mwani, inawaka nyekundu vizuri tu kwa 395.

Kioo_cha_Rangi
Badilisha. Zambarau ya 395 itakufunika chavua zote zinazong'aa buluu.

Siafu
Kwa mwani nakubaliana na Chavua. Ila ukija kupiga picha kwa simu, nyekundu ya klorofili iko karibu na nanomita 680, na kichujio cha ndani ya kamera kinaikata sehemu kubwa. Kuna mtu amewahi kukitoa bila kuharibu simu?